Ndui ya Uongo ya Kambi ya Sirudi

Walioniaga kazini walinipa saa kubwa ya ukutani, mimi ambaye sina tena mahali pa kuwahi. Sikuona vibaya. Nimeitundika jikoni, inanikumbusha muda wa kuwapa kuku mtama. Siku ile ile vijana wa kliniki ya ngozi walinifuata hadi getini wakasema, "Mama Shija, tuandikie ya kazini, usije ukaondoka nayo." Nikawajibu kwamba nahamia Didia, siendi ahera. Lakini hapa Didia jioni ni ndefu na redio imeharibika, kwa hiyo nimekaa nimeandika. Kuhusu vyeo sitasema kitu. Nilivyopata mnavijua, na nilivyokosa walivipata watu ambao bado wako hai na wengine ni majirani zangu.

Nilifika hospitali ya Kahama mwanzoni mwa miaka ya tisini, tabibu mpya kutoka chuoni, na viatu vipya vilivyonibana. Nilitaka wodi ya wazazi, kwa sababu huko watu huja na tumbo na kuondoka na mtoto, mambo yanaeleweka. Wakanipeleka chumba cha ngozi. Kilikuwa ghala la baiskeli mbovu kabla yetu, na baiskeli mbili zilibaki humo miaka yote kwa sababu hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuzitupa. Wagonjwa walitundika makoti yao juu ya usukani.

Mkuu wa chumba hicho alikuwa Daktari Rwegasira, mtu wa Bukoba, mnene, aliyesomea ngozi hasa. Alipenda Kiingereza kuliko chakula, na chakula alikipenda sana.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Wewe ndiye Limi?"

"Ndiye mimi."

"Hapa tuna dawa aina mbili," akasema. "Moja imekwisha. Karibu kazini."

Vifaa navyo vilikuwa vya kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kulikuwa na kioo cha kukuzia, ambacho daktari alikivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Kulikuwa na chupa ya iodini. Halafu kulikuwa na njiti za kuchokolea meno, ambazo tulizinunua kwa Mzee Hirji, mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuwa na duka karibu na stendi. Mzee Hirji hakula nyama maisha yake yote, na kila nilipokwenda kununua njiti alinitazama kwa huzuni. Siku moja uzalendo ukamshinda.

"Dada Limi, hospitali yenu inakula nyama kila siku?"

Nikamweleza kwamba njiti tunazitumia kutobolea vipele. Tangu siku hiyo alinipa pakiti kwa kunirushia kutoka mbali.

Kipele cha kwanza nilichofundishwa kwa dhati kilikuwa mkononi mwa mwanafunzi mmoja wa shule ya msingi. Daktari alinipa kioo.

"Unaona nini?"

"Vipele."

"Hata Mzee Hirji anaona vipele. Sogea."

Nikasogea. Vilikuwa vya mviringo, vinang'aa kama vimepakwa mafuta, rangi ile ile ya ngozi, na kila kimoja kilikuwa na kishimo katikati kama kitovu. Havikuwa vyekundu. Mtoto mwenyewe alikuwa akitafuna muwa, hana habari. Daktari alichoma kimoja kwa ncha ya njiti, akakiminya, kikatoka kipunje cheupe kama punje ya wali uliochemka. Akapaka iodini.

"Vitabuni kinaitwa moluska," akasema. "Kirusi chake ni ndugu wa ndui."

Nikarudisha mkono wangu kama niliyegusa jiko. Daktari akacheka mpaka kioo kikaruka kifuani.

"Ndui imefutwa duniani, Limi. Huyu ni mdogo wake, yule mpole wa familia. Haui. Ila kwa ujanja, amewashinda wote."

Akaanza kunieleza, na maelezo yale nimeyarudia kwa wanafunzi wengi kiasi kwamba siku hizi nayasema nikiwa nachambua mchele. Seli ya mwili ikivamiwa na kirusi, kabla haijafa hutoa protini za kuwatahadharisha majirani. Majirani wakizipata hufunga milango, na chembe za ulinzi huja pale, damu hujaa, ngozi huvimba na kuwa nyekundu. Hiyo ndiyo kinga tunayozaliwa nayo. Haihitaji chanjo wala kufundishwa, inaamka yenyewe. Sasa ukoo wa ndui umekaa na binadamu na wanyama muda mrefu, umeusoma mfumo huu kuliko sisi tulioufanyia mtihani. Baadhi yao hutengeneza vipokezi vya bandia na kuvimwaga nje ya seli, vikazidaka zile protini za tahadhari kabla hazijamfikia jirani. Wengine hukata mawasiliano ndani ya seli yenyewe. Na kuna wanaoizuia seli isijiue, kwa sababu seli ikigundua imevamiwa hupenda kufa na mvamizi wake.

"Huyu wa vipele," daktari akasema, "anakaa juu juu kabisa ya ngozi, mahali pasipo na mishipa ya damu, amejifungia kwenye kifuko chake, na kila kengele ameiziba. Ndiyo maana hakuna wekundu wala maumivu. Mwili haujui kama una mgeni."

Mengine kuhusu kirusi hicho yaligunduliwa baadaye, muongo ule ule ukielekea mwisho, na daktari aliyapokea kama mtu anayepata habari za mtoto wake aliyefaulu. Mimi nilimwelewa siku ile ile ya kwanza. Nimewahi kuwa na mpangaji wa namna hiyo.

Katikati ya miaka ile ya tisini, asubuhi moja, lori la kubeba mawe ya dhahabu lilisimama mbele ya hospitali na dereva akaja moja kwa moja chumbani kwetu. Alitoka kwenye kambi moja ya wachimbaji wadogo upande wa Bugarama. Kambi yenyewe waliiita Sirudi, kwa sababu ndivyo kila mtu alivyomwambia mkewe wakati wa rashi, watu walipokimbilia dhahabu: sirudi mpaka nipate. Wengi walitimiza ahadi.

"Mwenyekiti wa kambi anasema kuna ndui," dereva akasema. "Amesema daktari aje leo. Asipokuja, jioni wanachoma kibanda."

"Kibanda kina nani?" nikauliza.

"Mama Tabu, yule mama ntilie. Na mwanawe."

Daktari alikuwa na kiazi mdomoni. Alikimeza bila kutafuna, na hapo ndipo nilipojua kwamba jambo ni zito.

Gari la hospitali lilikuwa juu ya matofali. Tukapanda lori lile lile, daktari mbele, mimi nyuma juu ya magunia matupu pamoja na mbuzi ambaye hakuna aliyenieleza alikuwa wa nani. Tulipofika, karasha, mashine za kusagia mawe, zilikuwa zimezimwa. Aliyewahi kuishi machimboni anajua maana yake: pale mawe hayasagwi tu siku ya kifo. Wachimbaji walikuwa wamesimama kwa duara kubwa, weupe wa vumbi kuanzia kichwani, na katikati kulikuwa na kibanda cha nyasi kilichofungwa kwa nje kwa waya. Pembeni kulikuwa na dumu la mafuta ya taa.

Mwenyekiti aliitwa Masalu. Alikuwa mtu wa miraba minne, sauti kama tarumbeta, mwenye mashimo kadhaa ya kuchimba na wake wasiopungua mashimo hayo. Alikuja kutulaki.

"Daktari, shikamoo. Tabibu, hujambo. Mimi nina watu wengi hapa. Wazee wametueleza ndui ilivyowamaliza watu enzi zao. Sitaki kusubiri."

"Umemwona mgonjwa?" daktari akauliza.

"Nimemwona kwa mbali. Inatosha."

Nilikwenda mlangoni. Nikaita. Sauti ya mwanamke ikajibu kutoka ndani, imekauka.

"Nani?"

"Limi, wa hospitali. Mhola, mayu?"

Alicheka kidogo kusikia naulizia amani na kumwita mama kwa Kisukuma mahali kama pale. "Mhola gani, dada. Hawatupi hata maji. Mtoto wangu anacheza, anaimba, hana homa. Mimi nimewapikia hawa watu tangu kambi ianze. Yule mrefu mwenye kofia nimemlisha hata alipokuwa hana kitu. Ndiye aliyefunga waya."

Nikatazama nyuma. Mrefu mwenye kofia alikuwa anatazama viatu vyake.

Nilifungua waya mwenyewe. Duara la watu likarudi nyuma kwa pamoja. Tabu alitoka kwanza, msichana wa kama miaka sita, tumbo mbele, akiuliza kama ana ruhusa ya kwenda kukojoa. Mikononi na shingoni alikuwa na vipele vya mviringo, vinang'aa, vina kitovu katikati. Havikuwa vyekundu hata kimoja. Nikamtazama daktari, naye akanitazama. Nilikaa chini kwenye vumbi kwa furaha, nikijifanya nataka kumpima vizuri.

Daktari akasimama kuhutubia. Mungu amrehemu, alihutubia vizuri mno. Alieleza ukoo wa virusi, vipokezi vya bandia na kinga ya kuzaliwa nayo, kwa lugha ambayo hata mimi nilihitaji msaada. Alieleza kwamba ndui huanza na homa kali na mgongo kuuma, kwamba malengelenge yake hutoka usoni na mikononi yote kwa wakati mmoja, na mtu hulala hoi. Wachimbaji walisikiliza kwa adabu. Alipomaliza, Masalu akasema, "Ahsante, daktari. Kwa hiyo ni ndugu wa ndui."

Manung'uniko yakaanza. Mtu mmoja akalisogelea dumu.

Daktari alitazama huku na huku. Nilimwona anatafuta sentensi nyingine ndefu, na nilimwona anaikosa. Akamgeukia Mama Tabu, ambaye alikuwa amesimama mlangoni amemshika mwanawe.

"Mama, umepika leo?"

"Nimepika nini, baba, nimefungiwa. Kuna kiporo cha ugali na dagaa, cha jana."

"Lete."

Akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akampakata Tabu kwenye paja, wakala sahani moja, mkono wake na mkono wa mtoto wenye vipele vikikutana kwenye dagaa. Alikula taratibu, kama mtu aliyekaa hotelini. Dagaa walipokwisha akaomba pilipili. Kisha akainua uso akamwambia Masalu, "Mimi nina mke na watoto Bukoba, na ninaogopa kufa kuliko wewe. Ungekuwa ugonjwa ule, ningekuwa nimeshapanda lori."

Hotuba ile ndiyo waliyoielewa. Mrefu mwenye kofia alikuwa wa kwanza kuondoka, akaenda kuwasha karasha. Mwingine akalichukua lile dumu akasema ni lake, alikuwa analitafuta.

Nilikuwa nampaka Tabu iodini wakati Masalu aliponiita nyuma ya lori. Sauti ya tarumbeta ilikuwa imepotea.

"Tabibu, nina rafiki yangu. Ana vipele kama hivi."

"Yuko wapi?"

"Yupo hapa hapa."

"Mwambie ashushe suruali."

Rafiki huyo alikuwa na vipele vingi sehemu ambazo mwenyekiti hazionyeshi mkutanoni. Kwa mtu mzima hupatikana kwa kukutana kimwili, na peke yake si habari ya kutisha. Lakini vya Masalu vilikuwa vingi kupita kiasi, vingine vikubwa kama punje za mahindi, na shingoni tezi zilikuwa zimevimba. Nikamwambia aje hospitali tuchukue damu. Alijua ninachosema. Wakati ule kila mtu alijua, na hakuna aliyelitaja jina. Walisema mtu amekanyaga miwaya.

"Damu yangu naijua," akasema, akafunga mkanda. "Mimi ni mzima kuliko wewe."

Akarudi kwa watu wake, na nikamsikia akiwaeleza kwamba tangu mwanzo alikuwa na mashaka kama ile ni ndui.

Mama Tabu hakukaa Sirudi. Baada ya miezi michache alihamia Nyahanga, mjini Kahama, akawa anauza uji na vitumbua nje ya hospitali. Asubuhi moja aliingia chumbani kwetu bila kubisha, amembeba Tabu mgongoni japokuwa mtoto alikuwa mkubwa wa kutembea.

"Mlisema si kitu. Tazameni."

Vipele vya Tabu vilikuwa vimevimba, vyekundu, vimezungukwa na ngozi yenye joto, na mtoto alikuwa anajikuna na kulia. Ungefikiri vimeoza. Daktari Rwegasira alivaa kioo, akatazama, kisha akafanya kitu ambacho mwili wake haukuumbiwa: alirukaruka.

"Mama, mwili umemwona mgeni!" akasema. "Miezi yote hii kirusi kimekaa kimejificha. Leo kimeonekana. Hao ni walinzi wamefika. Usimpe dawa yoyote."

"Anacheka nini huyu?" Mama Tabu akaniuliza.

"Anafurahi, mayu. Vitaanguka vyenyewe."

Aliondoka hajaamini. Baada ya wiki chache vilianguka vyote, na Mama Tabu akatuletea vitumbua kwenye kitambaa. Daktari alikula vyangu pia.

Masalu aliletwa mwaka uliofuata, kwenye baiskeli, na mtu aliyemwacha benchi la mapokezi na kuondoka bila kusema jina. Sikumtambua. Miraba minne ilikuwa imebaki mifupa. Vipele vilikuwa vimejaa usoni, vimeshikana, na kwenye kope vilikuwa vizito kiasi kwamba macho hayakufunguka. Nilimtambua kwa sauti, aliponiuliza kama hapa ni kwa yule daktari mla dagaa. Kambini hakuna aliyemchomea nyumba. Waliacha tu kumsalimia, kisha wakaacha kukaa naye, kisha mashimo yake yakapata wenyewe wapya.

Dawa za ugonjwa ule hatukuwa nazo. Tulikuwa na godoro, dripu na maneno.

Nilisitasita kumwambia Mama Tabu. Aligundua mwenyewe, kwa sababu wodini alikuwa akipitisha uji kila asubuhi. Alisimama kwenye kitanda kile akamtazama kwa muda.

"Huyu ndiye alitaka kunichoma."

"Ndiye."

"Ndugu zake?"

"Hawajaja."

Alimimina uji kikombeni, akaupoza kwa kuupuliza, akamwekea mkononi. "Kunywa, Mwenyekiti. Ni wa mama wa yule mwenye ndui." Masalu alikipapasa kikombe kwa mikono miwili. Kisha akanywa. Sikusikia akiomba msamaha, wala sikumsikia Mama Tabu akimsamehe. Ila uji ulikuja kila siku.

Siku moja alikuja na Tabu. Masalu aliposikia sauti ya mtoto aliuliza, "Vile vya kwako viliishaje?"

"Vilivimba," Tabu akasema. "Vikauma. Vikaanguka."

Mama alimtoa mtoto nje. Masalu akaugeuza uso upande wangu.

"Tabibu. Vyangu vitavimba lini?"

Daktari alikuwa semina Mwanza. Nilitamani awepo, na sentensi zake ndefu. Kirusi cha Masalu kilikuwa kile kile cha Tabu, na kilijificha kwa ujanja ule ule. Kwa Tabu walinzi walikawia, mwishowe wakafika. Kwa Masalu hapakuwa na walinzi wa kufika, ugonjwa ule wa miwaya ulikuwa umeshawamaliza. Nilivuta kiti.

"Havitavimba, Mwenyekiti."

Nje wauguzi walikuwa wanabishana juu ya ndoo.

"Basi nitolee vya kwenye kope," akasema. "Nijue nani anakuja kunitazama na nani haji."

Nilivitoa asubuhi nzima, kimoja kimoja, kwa njiti, mkono mmoja nimeuegemeza kwenye paji lake ili nisiliguse jicho. Kwenye kope hatukupaka iodini, tulisafisha kwa maji ya chumvi. Damu ilitoka kidogo. Hakulalamika. Nilipomfuta, alifungua macho, akatazama dari, kuta na kitanda cha jirani.

"Kumbe wodi yenu chafu hivi," akasema. "Ningebaki kipofu."

Nilicheka mpaka muuguzi akaja kuona kuna nini.

Aliona siku zilizobaki. Aliona nani haji. Alifariki mvua zilipoanza, na ndipo Sirudi ikatuma wanaume wanne na lori kuchukua mwili, kwa sababu mwenyekiti hata akiwa amesahauliwa lazima azikwe na kambi. Walisimama mlangoni mwa wodi, kofia mikononi. Machela ilikuwa tayari, Masalu amefunikwa shuka. Hakuna aliyesogea. Mmoja, yule mrefu, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Haiambukizi, dada?"

Nilifungua mdomo nianze na ukoo wa virusi. Mama Tabu alikuwa ameweka chini sufuria lake. Alipita katikati yao, akainama upande wa kichwa, akashika mipini ya machela.

"Shikeni miguu," akasema.

Wakashika.